Mwezi Mmoja wa Riwaya Amu: Ipi Isomwe Dakani, Ipi Isomwe Usiku

Mwezi wa Julai uliopita, upepo wa kusi ulipokuwa umekaza na bahari ya nje imechafuka kiasi cha kuwafanya wavuvi wengi wa Amu, yaani Lamu, wabaki pwani wakishona nyavu, nilijiwekea azma ya kusoma riwaya tisa za aina tofauti, moja baada ya nyingine, bila kurudi kwenye aina niliyoizoea hata kama roho ingenivuta huko. Nilimaliza nane. Moja niliiacha njiani, na sababu yake nitaieleza mahali pake. Ninayoyaandika hapa si uhakiki wa kila kitabu, bali ni ulinganisho wa aina za riwaya kwa ajili ya mtu anayesimama mbele ya rafu akiwa na pesa za kitabu kimoja au viwili tu, na hajui achukue kipi.

Swali la riwaya ipi ni bora nililiacha mapema, kwa sababu halikunifikisha popote. Lililonisaidia ni kuangalia ninasoma wapi na saa ngapi. Siku yangu ina nyakati mbili za kusoma. Baada ya alasiri huketi dakani, yaani kwenye kibaraza cha mlangoni, na mwenye kuketi kwenye daka la nyumba ya Amu hawezi kudai kuwa yuko peke yake: kila apitaye hutoa salamu, salamu ya hapa haiishi kwa neno moja, na punda akija na mzigo wa mawe katika kichochoro chetu chembamba hunilazimu kukunja miguu na kitabu pamoja. Wakati wa pili ni baada ya isha, ninapomsomea kwa sauti shangazi yangu, ambaye macho yake hayaoni tena maandishi. Shangazi huita kila kitabu chuo, na vikiwa vingi huviita zuo, kama wazee wa Kiamu waitavyo, na sikio lake limelelewa na tenzi; ule utendi alioutunga Mwana Kupona mwaka 1858 kwa ajili ya binti yake anaweza kuusoma kwa moyo, kwa mahadhi, huku akichambua mchele. Kwa hiyo kila riwaya niliipitisha katika mizani mbili: je, inastahimili salamu za wapita njia, na je, inastahimili sauti?

Nianze na upelelezi na ujasusi, kwa sababu watu wengi huzichanganya aina hizi mbili na wauzaji nao huziweka rafu moja. Kwa upelelezi nilisoma Mzimu wa Watu wa Kale ya Muhammed Said Abdulla, mwandishi wa Unguja, iliyochapishwa mwaka 1960 baada ya kushinda mashindano ya uandishi wa hadithi za Kiswahili, na ambayo ndiyo iliyomtambulisha Bwana Msa kwa wasomaji. Kwa ujasusi nilisoma Kufa na Kupona ya Elvis Musiba, ya mwaka 1974, ambamo Willy Gamba anatumwa kutoka Dar es Salaam kwenda Nairobi kuziandama nyaraka za siri za harakati za ukombozi zilizoibwa. Zote mbili zina maiti, zote zina siri, na zote humfanya mtu afunue ukurasa mwingine huku kahawa ikipoa kikombeni. Hata hivyo, namna zinavyomshika msomaji hazifanani hata kidogo.

Bwana Msa haruki kuta wala hapigani. Ana kiko chake, ana rafiki yake Najum, na ana subira ya kusikiliza. Kisa kinasimama juu ya swali moja, la nani aliyemuua tajiri na kwa nini mwili umekutwa mahali ambapo watu huogopa mizimu, na kila anayeingia katika hadithi amebeba kipande cha jibu, mara nyingi bila yeye mwenyewe kujua. Jambo ambalo sikulitarajia ni kwamba riwaya ya namna hii humwadhibu msomaji wa dakani. Siku ya pili nilikatizwa na jirani aliyetaka kujua habari za mashua ya Mokowe, tukazungumza kama nusu saa, na niliporudi kitabuni nilikuwa nimesahau nani alidai kuwa wapi usiku wa tukio, ikanibidi nirudi nyuma kurasa kumi. Katika upelelezi jambo dogo la ukurasa wa thelathini hulipwa ukurasa wa mia, na msomaji aliyeliangusha njiani hufika mwisho akiona kama amedanganywa, ilhali ni yeye aliyelala.

Usiku mambo yaligeuka. Sehemu kubwa ya riwaya hii ni watu wanaozungumza, na Kiswahili chao ni cha watu wa mji waliozoea kusemana kwa mafumbo na kejeli, kwa hiyo sauti huipa uhai ambao jicho peke yake huukosa. Shangazi alikuwa na mshukiwa mpya kila sura, na alinisimamisha mara nyingi kutetea hoja yake kabla hajaniruhusu kuendelea. Alikuwa na neno pia juu ya Bwana Msa mwenyewe. Sisi tunaishi karibu na magofu ya Takwa kule Manda na ya Shanga kule Pate, na hofu ya mahali pa watu wa kale si hadithi ya mbali kwetu, kwa hiyo Bwana Msa aliposhikilia kuwa maiti haikuuawa na mzimu bali na mtu mwenye mikono na tamaa, shangazi alisema, "Mwenye kiko huyu hajalala Takwa." Kesho yake alitaka tuanze mapema kuliko kawaida.

Willy Gamba ni kinyume chake karibu katika kila jambo. Tangu mwanzo unajua yeye ni nani na anafanya kazi kwa ajili ya nani, kwa hiyo linalokuvuta ni atatokaje katika mtego aliomo. Kila sura ina hatari yake yenyewe, na ukiachia kitabu kumwitikia mtu salamu, ukirudi utamkuta Willy bado yumo taabuni na wewe hujapoteza chochote. Hii ndiyo riwaya iliyofaa daka kuliko zote nilizosoma mwezi ule. Kwa sauti, hata hivyo, ilififia: mapigano yanayokwenda mbio machoni huwa orodha ya makonde yakisomwa mdomoni, na usiku wa tatu shangazi aliniuliza, bila uchokozi, kama yule kijana amekwisha kupigana ili tupate kujua habari nyingine. Nami nina lawama yangu mwenyewe, kwamba wanawake katika riwaya hii wamewekwa zaidi ili wapendeze au watege kuliko ili waishi, na msomaji wa leo ataliona hilo mapema.

Lakini pana faida ambayo sikuipima nilipoisoma ujanani. Kitabu kilipotoka mwaka 1974 Msumbiji na Angola zilikuwa bado hazijapata uhuru, kwani zote mbili ziliupata mwaka uliofuata, na Kamati ya Ukombozi ya Umoja wa Nchi Huru za Afrika ilikuwa na makao yake Dar es Salaam tangu 1963. Msomaji wa wakati ule alijua kuwa nyaraka kama hizo zipo kweli na kwamba zikiangukia mikono mibaya watu watakufa. Kwa hiyo mimi sikubaliani sana na desturi ya wahakiki ya kugawa riwaya kuwa pendwa, za kuburudisha, na dhati, za kufikirisha, na kuiweka ya Musiba upande wa kwanza kana kwamba jambo limekwisha. Riwaya iliyoandikwa ili isomwe haraka inaweza kubaki na harufu ya wakati wake kuliko ile iliyoandikwa ili ifundishwe.

Ukitaka kuchagua kati ya hizi mbili, basi jiulize una saa ngapi zisizokatizwa. Mwenye mchana wenye kelele achukue ya kijasusi. Mwenye jioni tulivu, hasa akiwa na mtu wa kubishana naye, achukue ya upelelezi.

Sasa niingie katika riwaya ya kihistoria, ambayo ndiyo iliyonikalisha muda mrefu kuliko nyingine zote, na ambayo nakiri kwamba kabla ya Julai nilikuwa nikiikwepa kwa kudhani ni somo la shule lililovishwa kanzu. Nilisoma mbili. Ya kwanza ni Kuli ya Adam Shafi, iliyotoka mwaka 1979, inayosimulia maisha ya Rashidi na makuli wenzake katika bandari ya Unguja hadi kwenye mgomo wa mwaka 1948. Ya pili ni Peponi ya Abdulrazak Gurnah, mzaliwa wa Unguja aliyepewa Tuzo ya Nobel ya Fasihi mwaka 2021. Aliiandika kwa Kiingereza, ikatoka 1994, na tafsiri ya Kiswahili ya Ida Hadjivayanis ikachapishwa 2022. Katika Peponi kijana Yusuf, mwenye umri wa miaka kumi na miwili, anatolewa na baba yake kwa tajiri Aziz ili kufidia deni, kisha anasafiri na msafara wa biashara kwenda bara, katika miaka ya kabla ya Vita vya Kwanza vya Dunia.

Riwaya ya kihistoria hupoteza mapema silaha ambayo upelelezi huitegemea, kwa sababu msomaji anajua kitakachotokea. Mgomo wa 1948 ulikuwapo, Wajerumani walikuja. Kinachobaki kumshika msomaji ni namna mambo yalivyokwenda: mkono ulishika gunia vipi, nani aliitwa nani, mshahara uligawanywa mbele ya nani, njaa ilianza saa ngapi. Mwandishi akishindwa hapo, hana pengine pa kujificha. Adam Shafi hakushindwa. Kurasa zake za bandarini zina uzito wa mgongo uliobeba kweli, na kwa sababu hiyo jambo la ajabu lilitokea nilipozisoma kwa sauti: shangazi aliacha kuwa msikilizaji, akawa msimulizi. Baba yake alikuwa hamali aliyepakia boriti kwenye majahazi yaliyokuwa yakienda Arabuni, enzi ambazo biashara hiyo ilikuwa ndiyo roho ya pwani ya Amu, na kila Rashidi alipobeba mzigo yeye alikuwa na mzigo wa baba yake wa kuulinganisha nao. Usiku mmoja tulisoma kurasa nne tu. Saa nzima iliyosalia ilikuwa yake. Sikuona hasara. Hakuna riwaya nyingine ya mwezi ule iliyomfungua mtu mdomo namna hiyo.

Ukiziweka Kuli na Peponi ubavu kwa ubavu, utaona kuwa tofauti yao kubwa si ya zama wala ya mahali, bali ya msimamo wa msimulizi. Adam Shafi anasimama pamoja na makuli na hakufichi. Unajua nani kadhulumiwa, nani kadhulumu, na kadiri mgomo unavyokaribia ndivyo unavyojikuta umekunja ngumi. Kuna nguvu katika uandishi huo, na kuna gharama yake pia, kwani baadhi ya mabwana wa upande wa pili hawana umbo zaidi ya uovu wao. Gurnah hakupi pa kuegemea. Tajiri Aziz ni mpole, ana adabu, anaipenda bustani yake, na hapohapo ndiye anayechukua watoto wa watu kwa deni la baba zao. Yusuf amefundishwa tangu utoto kumwita mtu huyo kwa jina la ujamaa, na ni Khalil, kijana aliyemtangulia dukani, anayemwambia kuwa yule si jamaa yake hata kidogo. Nilipofika hapo shangazi alinyamaza kwa muda, halafu akauliza, "Na mama yake alimwacha aende?" Sikuwa na jibu la kumtosheleza.

Kuhusu lugha, nilikuwa na wasiwasi kwamba kitabu kilichotoka katika Kiingereza kingenisumbua kwa sauti, kwa kuwa tafsiri nyingi husomeka kama mtu anayetembea na kiatu cha mwenziwe. Wasiwasi huo ulipungua tangu jioni ya kwanza. Watu wa hadithi hii wangezungumza Kiswahili hata kama mwandishi aliwaandika kwa lugha nyingine, na ukiwasikia wakitaniana dukani unaona kama wamerudi nyumbani. Zipo sehemu za maelezo marefu ya safari ambazo zinahitaji pumzi na utulivu, na hizo nilizirudia peke yangu asubuhi. Kwa daka, zote mbili zilinifaa kwa sababu moja: ukikatizwa na kurudi, unaingia kama mtu anayerejea katika nyumba anayoijua, maana hakuna kidokezo kimoja kilichoshikilia paa lote.

Anayetaka kitabu kitakachomwonyesha dhuluma kwa uwazi, na hasa kijana ambaye hajui kuwa mfanyakazi wa pwani aliwahi kusimamisha bandari kwa kukunja mikono, apewe Kuli. Anayeweza kuvumilia kuachwa bila hukumu, achukue Peponi, lakini asiianze akiwa na haraka.

Riwaya ya kijamii nitaipitia kwa ufupi, kwa sababu wengi wenu mmeshakutana nayo darasani. Nilirudia Utengano ya Said Ahmed Mohamed, ya mwaka 1980, ambayo kwa miaka mingi ilisomwa katika shule za upili za Kenya. Kisa cha Maimuna, binti aliyefungiwa ndani na baba yake Bwana Maksuudi, kinakata karibu sana na nyumba za miji ya pwani, na pengine ndiyo maana kilimkasirisha shangazi kuliko kingine chochote. Alimwapiza Bwana Maksuudi kwa maneno ambayo sitayaandika. Aina hii inastahimili daka, inastahimili sauti, inastahimili hata watoto wanaopita wakipiga kelele. Kosa lake ni kwamba mtu aliyelazimishwa kuisoma kwa ajili ya mtihani huisoma akitafuta maudhui na sifa za wahusika. Ikiwa uliisoma hivyo, isome tena bila kalamu.

Jozi iliyonifurahisha bila kutarajia ni ya riwaya mbili zinazomtoa msomaji katika dunia hii ili zimsemee dunia hii. Kusadikika ya Shaaban Robert ilitoka mwaka 1951, na nchi yake imening'inia angani; Walenisi ya Katama Mkangi ilitoka mwaka 1995, na sehemu yake kubwa iko katika sayari ambayo Dzombo anaifikia kwa chombo alichotiwa ili akafe. Wa kwanza aliandika chini ya utawala wa Mwingereza. Wa pili, mzaliwa wa upande wa Kilifi na mhadhiri wa chuo kikuu, aliwahi kutiwa kizuizini bila kuhukumiwa katika miaka ya 1980. Hakuna ajabu basi kwamba kila mmoja aliona ni salama, au ni kali zaidi, kuzungumzia nchi isiyo kwenye ramani.

Katika Kusadikika, Karama anashtakiwa kwa kutaka kufundisha elimu ya sheria, na anajitetea kwa kusimulia habari za wajumbe sita waliotumwa pande sita kutafuta mema ya nchi, kisha waliporudi wakalipwa kifungo. Nilipoisoma dakani kwa macho, nilipofika mjumbe wa nne nilikuwa nimechoka: anakwenda, anataabika, analeta jambo la manufaa, anahukumiwa. Nilidhani hilo ni kosa la kitabu. Nilipoirudia usiku nikagundua kuwa kosa lilikuwa langu. Shangazi hakuchoka hata kidogo. Kila mjumbe alipokaribia kurudi alianza kutikisa kichwa kabla hukumu haijatamkwa, kama msikilizaji wa utenzi anavyokingoja kina cha mwisho akikijua. Nathari ya Shaaban Robert ina mizani ndani yake, sentensi zake husimama wawili wawili kama watu wa safu, na marudio yale ni chakula cha sikio. Isitoshe ni kitabu chembamba, na kila habari ya mjumbe inaweza kusomwa peke yake, jambo linaloifaa jioni fupi.

Walenisi ni nene zaidi na ina maneno mengi zaidi. Watu wa sayari ile hueleza kwa urefu jinsi wanavyoishi bila unyonyaji, na Dzombo huuliza maswali ambayo wakati mwingine yapo ili tu yajibiwe. Kuna jioni nilihisi niko katika semina. Lakini Mkangi ana ucheshi ambao Shaaban Robert hakuuruhusu katika kitabu chake, na anacheza na maneno kwa namna inayomfanya mtu atabasamu peke yake. Nilidhani michezo hiyo ni ya jicho tu, itapotea katika sauti. Jina lenyewe la sayari, Walenisi, lilikuwa limenipita mara ya kwanza niliposoma miaka ya nyuma, hadi rafiki aliponieleza. Shangazi alilisikia mara mbili, akasema polepole, "Wale ni sisi," kisha akaniambia niendelee.

Kati ya hizi mbili ningemwanzishia mtu kwa Kusadikika, si kwa heshima ya jina la mwandishi bali kwa wepesi wa kuibeba. Anayependa mabishano ya siasa na uchumi, na asiyechukizwa na mwandishi anayehutubu, atapata zaidi katika Walenisi.

Nimebakiwa na aina iliyonishinda nusu, nayo ni riwaya ya kifalsafa. Euphrase Kezilahabi, mtu wa Ukerewe, alitoa Kichwamaji mwaka 1974, mwaka uleule alioutoa Kichomi, diwani yake ya mashairi yasiyofuata vina na mizani, ambayo iliwasha ugomvi mkubwa kati ya washairi. Nalitaja hilo kwa sababu hapa Amu, mahali ambapo mtu hawezi kujiita mshairi akikosea mizani mbele ya watu, jina lake bado huinua nyusi, na baadhi ya wenzangu hukataa hata riwaya zake kwa kosa la mashairi yake. Wanajinyima. Kichwamaji ni masimulizi ya Kazimoto, kijana wa chuo kikuu asiyeona maana mahali popote anapoitafuta, na imeandikwa kwa ukweli unaotisha.

Kwa sauti haikwenda. Usiku wa tatu shangazi alisema, "Huyu anajisemesha mwenyewe, mwache," na nadhani hakuna mhakiki aliyeieleza aina hii kwa maneno machache zaidi. Dakani pia haikwenda, kwa kuwa kila salamu ilinitoa katika kichwa cha Kazimoto, na kuingia tena kulihitaji kama robo saa. Niliihamishia baada ya alfajiri, juu ya dari la nyumba, kabla mji haujaamka, na hapo ndipo iliponishika; nikaimaliza kwa asubuhi nne, na nikawa mzito siku nzima ya tano. Msomaji anayepita katika kipindi cha huzuni aifikirie mara mbili kabla ya kuichukua, maana inaelekea kizani na haina mkono wa kumrudisha.

Niliyoiacha njiani ni Nagona ya mwandishi huyohuyo, ya mwaka 1990. Udogo wake ulinihadaa. Ni kitabu chembamba ambacho hakina kisa cha kushika kwa mkono. Mambo yanatokea kama ndoto inavyotokea, na mimi niliisoma kwa vipande vya kurasa tano tano kati ya adhana na umeme uliokatika. Hiyo si njia ya kuisoma. Inadai kikao kimoja au viwili, mlango ukiwa umefungwa, na mwezi ule sikuwa navyo. Siihesabu kuwa mbaya. Nimeiweka kwenye kidaka cha ukuta kungojea siku ambayo nyumba itakuwa kimya.

Kwa hiyo mtu akiniuliza achukue ipi, humuuliza kwanza atakuwa wapi. Asiyesoma riwaya tangu alipotoka shule nisingempa aina ya kifalsafa, wala nisingempa kile alichotahiniwa. Ningempa Bwana Msa na kumwomba atafute jioni tatu za utulivu. Mwenye duka, askari wa lindo au nahodha wa mashua ya abiria, ambaye muda wake unakatwakatwa na watu, atafaana na Willy Gamba au na wajumbe wa Kusadikika. Mwenye mzee wa kusomewa nyumbani asisite juu ya Kuli. Na ikiwa pesa ni za kitabu kimoja tu kwa mwaka mzima, basi kichwa changu kinasema Peponi, kwa sababu kuna mambo ndani yake ambayo sikuyaona mpaka nilipoyarudia, na kitabu cha mwaka mzima kiwe kile kinachorudiwa.

Binamu yangu, mtoto wa shangazi, alikuja mwisho wa mwezi akiwa njiani kwenda Mombasa, akataka kitabu cha basi. Nilimpa Kufa na Kupona. Alitupia jicho Kuli iliyokuwa kando ya mkeka, akaiokota pia, na mama yake akamwambia airudishe palepale alipoitoa, kwa kuwa bado hatujaufikia mgomo kwa mara ya pili.